KARAKANA YA NYUMBANI: Chuma cha Pembe

Mtu akusudiaye kujitengenezea meza ya kazi, yenye jiliwa la kubania vyuma, mara nyingi huenda dukani akaagiza chuma cha pembe bila kueleza zaidi, naye hupewa kile kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Chuma hicho kina namna zake, na kosa la kuchagua halionekani mpaka fedha zimekwisha.

Kilicho cha kawaida ni kile cheusi, kilichovingirishwa kingali cha moto. Kona yake ya nje ni kali, bali ya ndani ina mviringo; kwa hiyo kipande cha mraba hakikai humo sawasawa mpaka ncha yake ipunguzwe kwa tupa. Magamba yake meusi hayana budi kukwanguliwa, kwani yakibanduka baadaye huondoka na rangi uliyopaka.

Kile kilichopakwa zinki hupendwa kwa sababu hakishiki kutu upesi. Lakini jihadhari nacho! Kikichomelewa, zinki hugeuka moshi mweupe, na mwenye kuuvuta huenda akashikwa usiku na homa, baridi na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria. Wako mafundi wanaoamini kwamba maziwa huondoa sumu hiyo. Maziwa ni chakula chema, lakini moshi huingia mapafuni wala si tumboni. Iondoe zinki kwanza mahali pa kuunga, ufanye kazi penye upepo, au ufunge kwa bolti.

Kiko pia chenye matundu, kilichoenezwa na Demetrius Comino wa London, aliyeanzisha kampuni ya Dexion mwaka 1947. Kwa rafu hakina mfano: huhitaji keekee wala moto. Kwa meza ya jiliwa sikisifu, maana ni chembamba, na mtikiso wa nyundo hulegeza nati.

Sasa kipimo. Wengi hudhani unene ndio nguvu. Ukilinganisha chuma cha milimita 40 kwa 40, unene 4, na kile cha 50 kwa 50, unene 3, utaona kwamba cha pili ni chepesi kidogo, lakini huzuia kupinda kwa takriban mara moja na nusu. Kwa boriti ndefu ya mbele ya meza nachagua hicho. Kwa miguu, ambayo ni mifupi, nachagua cha 40.

Hata hivyo usiliamini neno la muuzaji juu ya unene. Chuma cha 40 kwa 40 kwa 4, chenye urefu wa mita 6, huwa na uzito wa kilo 14 na nusu hivi. Kikiwa cha unene wa 3 ni kilo 11 tu. Mizani ya jirani auzaye viazi yatosha kukuonyesha tofauti hiyo, nayo ipimwe kabla hujalipa.