Alberto Yuko Wapi Kwenye Fulana Yako?

Sura ya Che Guevara tunayo kila mahali mjini: kwenye fulana, kwenye vioo vya daladala, nyuma ya malori. Muulize mvaaji jamaa alianzaje. Kama aliiona ile filamu ya Walter Salles ya mwaka 2004 atakwambia alipanda pikipiki, akazunguka Amerika Kusini, "akajitambua". Basi. Kama vile alikuwa peke yake barabarani.

Hapo ndipo ninapochoka. Kwanza pikipiki yenyewe haikuwa yake! Ilikuwa ya Alberto Granado, Norton kuukuu waliyoiita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu (jina la matumaini tu, maana iliwafia Chile, safari ikiwa bado mbichi). Granado alikuwa mwanabiokemia wa miaka 29, mjuzi wa ugonjwa wa ukoma. Ernesto alikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa udaktari mwenye pumu kali. Miaka ya nyuma, kule Córdoba, Granado ndiye aliyemkaribisha kwenye timu yake ya raga wakati wengine wakiihofia pumu hiyo. Haya, fulana yake iko wapi?

Nasema hivi kwa sababu ugonjwa wa "kujitafuta" umetuvamia vijana wa mjini. Mtu anavuka kwenda Zanzibar siku 2, anapiga picha 200 akiitazama bahari kwa huzuni, anarudi anatutangazia kuwa amejipata. Alikuwa amepotelea wapi? Wahenga walishatuambia nyani haoni kundule. Anayeliona ni mwenzake aliye nyuma yake, tena asiyemwogopa. Ernesto aliandika kumbukumbu za safari ile, Granado naye aliandika zake. Katika za kwanza unamsikia kijana anavyojisimulia. Katika za pili unamwona kijana huyo huyo kwa macho ya mtu aliyelala naye kwenye baridi moja na njaa moja. Mimi nazipenda zaidi za pili.

Na walichokikuta njiani wala hakikuwa "nafsi". Machi 1952, karibu na Chuquicamata, mgodi wa shaba wa Chile uliokuwa mikononi mwa Wamarekani, walikutana na mfanyakazi na mkewe, wakomunisti, mume akiwa ametoka kifungoni, wakijikunyata usiku bila hata blanketi. Wakawapa moja la kwao. Juni walikuwa San Pablo, Peru, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma. Ujuzi wa Granado ndio uliowafungulia milango ya vituo vya aina hiyo.

Sasa tutazame urafiki wetu sisi wanaume. Bia, mpira wa Uingereza, kubeti. Mshkaji wako wa miaka 10, unajua timu yake, unajua mkeka wake ulichanika wapi, lakini hujui anaogopa nini. Tunasafiri pamoja kwenye misiba tu: Coaster ya kukodi, usiku kucha, tunazika, tunageuza. Na hata huko, pancha ikitupata saa 8 za usiku porini, ghafla wanaume wanaanza kuongea! Mmoja anamtaja baba yake, mwingine anakiri ndoa inamshinda. Tairi likishafungwa, kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Msiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na ambaye hajawahi kuiona pwani alionekana bado mtoto. Jando nalo liliwaweka vijana porini pamoja, wakatoka ndugu wa maisha. Na msiniambie hela. Hesabu bia za mwezi mmoja, kisha uliza nauli ya Kigoma.

Naitaja Kigoma kwa makusudi. Aprili 1965 Che alipita hapo, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, vita iliyomshinda ndani ya miezi 7. Alikuwa na Wacuba zaidi ya 100. Granado hakuwamo. Walishaagana Caracas mwaka 1952, na sasa yeye alikuwa Cuba akifundisha madaktari. Sijui kama wote wale 100 na ushee walikuwamo hata wawili wa kumwambia kamanda wao, bila woga, "Ernesto, hapa unakosea".

Wewe unaye wangapi?