Kompyuta imesema? Iulize imeangalia wapi

Siku hizi ukibishana na mtu, anakumaliza kwa maneno mawili tu: "Kompyuta imesema." Basi, mjadala umeisha. Ngoja kwanza nikupe kisa cha wanaastronomia.

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, imezungukwa na gesi iliyotapakaa mbali kupita nyota zake. Nyingine ina joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Katikati ya joto hilo kuna mabonge ya gesi "baridi", yaani nyuzi kama 10,000 hivi. Usicheke, huko hiyo ni baridi. Na gesi hii ndiyo unga wa galaksi: isipoingia ndani, nyota mpya zitaacha kuzaliwa.

Shida ni kuiona. Si unajua ukungu wa Limuru alfajiri? Unautambua vizuri taa za gari zinapoupenya. Darubini ya Hubble nayo, hasa tangu iwekewe kifaa kipya mwaka wa 2009, hupima mwanga wa kwasa, vitu ving'avu sana vilivyo mbali nyuma ya galaksi, na kuangalia ni rangi gani zimemezwa na gesi njiani. Ikakuta gesi baridi tele.

Lakini modeli za kompyuta zilionyesha kidogo. Mbona? Kompyuta hugawa anga vipande vipande. Nguvu yake nyingi ilipelekwa katikati, penye nyota. Huko nje vipande viliachwa vikubwa, hadi maelfu ya miaka ya nuru. Bonge dogo likiingia kwenye kipande kama hicho, linachanganywa na joto na kupotea. Mwaka wa 2019 vikundi kadhaa, kikiwemo FOGGIE cha Molly Peeples kule Baltimore, Marekani, vilitumia vipande vidogo huko nje pia. Mabonge yakajitokeza. Sheria za fizikia zilikuwa zilezile. Na kazi haijaisha, maana kuna wanaokadiria vibonge vidogo hata kuliko mwaka mmoja wa nuru.

Utabiri wa mvua yetu pia hugawa anga hivyo hivyo. Wingu dogo kuliko kipande halionekani lenyewe, hukadiriwa tu.

Kwa hivyo siku utakayoambiwa kompyuta imekunyima mkopo, au imesema mtaa wenu hauna shida ya maji, usinyamaze. Uliza: vipande vyake ni vikubwa kiasi gani, na sisi tumepotelea kwenye kipi?