Malori ya stima: shida sio betri, shida ni saa

Wasomaji wangu, siku hizi nikikaa na watu wa malori, iwe hapa Kitale au kule Bungoma, swali ni lile lile: malori ya stima yakija, stima yenyewe itatosha? Wengi wanasema haitatosha. Mimi nasema itatosha, kwa sharti moja: tusiyachaji yote kwa wakati mmoja.

Hofu yao ina msingi. Mwaka 2024 Rais Ruto alisema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna sehemu hukatiwa stima kwa sababu haitoshi. Hizo ndizo saa watu wanawasha taa na kutazama habari. Ndizo pia saa ambazo lori hurudi yadi.

Lakini ngoja usiku wa manane. Mitambo ya mvuke wa ardhini kule Olkaria haizimwi kama balbu. Mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Yaani jioni tunanyimana, usiku tunamwaga.

Haya, tupige hesabu. Chukua mwenye malori 10 pale Bungoma, yanayobeba mahindi kutoka Kitale. Tuseme kila lori linataka uniti 200 kwa usiku. Jumla ni uniti 2,000. Yakichomekwa yote saa moja jioni kwenye chaja za kilowati 120, yanavuta kilowati 1,200 kwa mpigo. Sasa zigawe uniti zile zile kwa saa nane, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: kilowati 250. Mzigo wa kwanza unadai transfoma ya zaidi ya kVA 1,200. Wa pili, hata ukihesabu kinachopotea ndani ya chaja, unabebwa na ya kVA 315 isiyo na mteja mwingine.

Kuna wanaosema bei itamaliza kazi. Kweli, mwaka 2023 EPRA ilileta bei ya magari ya stima: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya ushuru na tozo nyingine. Hatua nzuri, lakini naona kasoro mbili.

Kwanza, aliyewahi kusimamia seva anajua: ukiziambia zote zihifadhi nakala saa sita kamili, saa sita na dakika moja mtandao umekufa. Bei ikishuka saa nne, kila dereva atachomeka saa nne. Umehamisha mlima, hujausawazisha.

Pili, bei hiyo ilipotangazwa iliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Malori yetu 10 yanakimaliza usiku wa nane. Ni bei ya bodaboda na basi moja moja, sio ya malori.

Kinachotakiwa ni programu, na wala sio ya ajabu. Kila lori litoe habari mbili: linataka uniti ngapi na linaondoka saa ngapi. Programu inajua kikomo cha yadi na inagawa, anayeondoka mapema akitangulia. Chaja zinazozungumza OCPP zinaweza kupokea ratiba kama hiyo tangu toleo la 1.6 la mwaka 2015. Na kwa kuwa intaneti yetu tunaijua, ratiba ikae ndani ya chaja yenyewe. Mawasiliano yakikatika, chaja ishuke kwenye kiwango cha chini, isipande juu.

Lori lililochelewa kwenye foleni ya Malaba na linataka kuondoka saa tisa usiku? Lichaji haraka, lilipe bei ya juu, mengine yapunguziwe kidogo. Kikomo cha yadi kibaki pale pale.

Kwa hiyo rai yangu kwa EPRA na Kenya Power: mwenye yadi akikubali kikomo cha kilowati kiandikwe kwenye mkataba wake, asibanwe na kikomo cha uniti. Fanyeni hivyo kabla malori hayajafika. Transfoma ya mtaa ikiungua, mwenye malori atawasha jenereta. Watakaokaa gizani ni fundi wa welding, kinyozi na mama mwenye posho mill, ambao hawana lori hata moja.

Ninyi wenye magari mnaonaje?