Tusiisingizie Injini

Katika vituo vyetu vya jeshi na polisi hakuna kauli inayotamkwa kwa wepesi kama hii: "Gari ni kuukuu." Doria ikichelewa, gari ni kuukuu, majeruhi asipofikishwa hospitali kwa wakati, gari ni kuukuu, petroli ikiisha kabla ya safari kwisha, gari ni kuukuu na shauri limefungwa. Hatuna nia ya kuwakebehi maofisa na askari wabebao taabu za barabarani. Lakini kauli hiyo imetumika mno kama kifuniko, na yafaa leo tukifunue.

Tuchukue mfano ambao askari wengi wa nchi hizi waufahamu kwa migongo yao: Land Rover ya petroli yenye injini ya silinda nne, ujazo wa sentimita 2,286, ile ambayo mafundi huiita mbili na robo. Injini hiyo ilianza kufungwa katika magari hayo mwaka 1958, ikaendelea kuundwa hadi mwaka 1985. Mwaka 1961 ilitoka ndugu yake ya dizeli yenye ujazo ule ule, na sehemu nyingi zikawa za pamoja. Si injini ya mbio. Nguvu zake ni za farasi 70 na ushei, na kwa lita moja haikupeleki zaidi ya kilomita tano au sita. Bali ni injini ya chuma kizito, isiyobana sana petroli yake, saba kwa moja katika nyingi zake, na kwa sababu hiyo huvumilia petroli hafifu ambayo injini za kisasa zingeikataa. Betri ikifa, ina handeli mbele. Dereva aliyefunzwa vema aweza kuitengeneza chini ya mti kwa spana chache.

Ina udhaifu wake, nasi hatuufichi. Zile zilizoundwa kabla ya mwaka 1980 mhimili wake mkuu, krankishafti, hushikwa na beringi tatu tu. Baadaye ziliongezwa zikawa tano. Anayeikimbiza injini ya beringi tatu kutwa nzima kama aendeshaye gari la waziri, huimaliza kwa mikono yake. Valvu za moshi nazo huungua zisipopimwa. Na tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, mwanzoni mwa mwaka 2006, injini za zamani zimepoteza kinga iliyokuwa ikilinda makalio ya valvu. Dawa yake ni kupima. Nafasi ya valvu zote nane ni robo milimita, na hesabu yake askari hawezi kuisahau: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, pima ya kwanza, ya sita ikifunguka, pima ya tatu, daima jumla iwe tisa. Nafasi ikionekana kuziba mapema kila inapopimwa, kalio linazama, na kichwa cha silinda kipelekwe kwa fundi kabla hakijajipeleka chenyewe.

Lakini adui mkuu ni vumbi. Hewa inayoingia katika kabureta hupita kwanza katika bakuli la oili, na vumbi hunaswa humo. Katika barabara zetu za udongo mwekundu, hasa msafara ukienda gari nyuma ya gari, bakuli hilo laweza kujaa tope kwa siku moja. Likishajaa halisafishi kitu. Vumbi huingia katika silinda na kusaga ringi za pistoni kama msasa. Tumepata kuyafungua mabakuli ambamo oili ilikuwa imeganda kama ugali wa mtama. Madereva wake waliulizwa, wakajibu kwamba injini "inakula oili kwa uzee".

Kuna na desturi nyingine ambayo makanika wengi huiona ni werevu: kung'oa kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, eti gari lisichemke. La hasha. Gari linalochemka lina rejeta iliyoziba kwa maji ya mtoni, au mkanda wa feni uliolegea, na hayo ndiyo ya kutengeneza. Injini inayokwenda baridi hula petroli nyingi, na petroli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Vivyo hivyo kile kizibo kidogo kilicho chini ya nyumba ya gurudumu la injini: hufungwa wakati wa kuvuka mto na huondolewa baada ya kuvuka. Asiyekifunga huingiza maji kwenye klachi; asiyekiondoa hukusanya oili humo humo, kisha klachi ikiteleza mlimani anaitukana injini.

Hata hivyo, tukiishia kwa dereva na makanika tutakuwa tumesema nusu ya kweli, tena ile nusu iliyo rahisi kusemwa na ofisa.

Mwaka 2014 mwandishi wa tahariri hii alikuwa luteni mpya, ametoka shule ya makadeti, katika kituo kimoja cha mpakani. Kituo kilikuwa na Land Rover moja ya aina hii. Usiku mmoja ilimchukua konstebo aliyepigwa risasi pajani. Kilomita 20 kabla ya hospitali taa nyekundu ya chaji iliwaka: mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Mkanda huo ndio uzungushao pampu ya maji, na mkuu wa msafara, kwa kumwonea huruma majeruhi, aliamuru waendelee. Baada ya kilomita chache gasketi ya kichwa iliungua, injini ikazima. Walimbeba kwa machela hadi lori la mahindi lilipotokea, karibu na alfajiri. Konstebo aliishi. Mguu haukuokolewa.

Dereva aliwekwa mahabusu kwa uzembe. Ndipo kitabu cha gari kilipofunguliwa, ikaonekana kwamba alikuwa ameandika mara tatu katika wiki mbili, kwa mwandiko wa taratibu, kuwa mkanda umechanika kingo na kwamba kituo hakina wa akiba. Chini ya kila taarifa palikuwa na neno "Imekaguliwa" na saini. Saini zote tatu zilikuwa zangu. Sikuwa nimelifungua boneti hata mara moja. Nilisaini kitabu pamoja na karatasi nyingine za asubuhi, chai ikiwa mkononi. Dereva yule alikaa siku saba kabla barua yangu haijasomwa. Alitoka, akanipigia saluti kama kawaida, nami tangu siku hiyo saluti ile sijaisahau.

Twasema basi, bila kumzunguka mtu, kwamba magari mengi yaitwayo mabovu yameuawa mezani. Ofisa anayeliamuru gari litoke saa kumi na moja alfajiri, lirudi saa nne usiku, litoke tena alfajiri, hajaacha saa ya kulitunza. Mweka ghala anayengoja gari lizime ndipo aagize mkanda, naye hana tofauti. Na wale wanaonyofoa platini, kondensa na plagi nzima kutoka gari la serikali na kurudisha zilizokufa, hao si wazembe, ni wezi, na sheria zetu za kijeshi na za polisi zinawajua kwa jina hilo.

Twawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo mambo mawili tu. Kwanza, kila gari lipewe saa moja kamili kwa wiki, isiyochukuliwa na doria wala gwaride, dereva na makanika wakiwa pamoja nalo, boneti wazi. Pili, dereva aandikapo ubovu apewe nakala yenye saini ya ofisa aliyeupokea, na nakala hiyo akae nayo mwenyewe, mfukoni mwake.