MAMBO YA NYUMBANI: Wazee wa Nyololo Wanapoteremka Dar es Salaam

Ndugu msomaji, waulize wafanyakazi wa mjini ni lini mara ya mwisho ukoo wao ulikutana wote. Wengi watakutajia jina la marehemu. Watasema, "Tulipomzika baba mkubwa," au "Tulipomaliza arobaini ya bibi." Tumefika mahali ambapo nauli ya kwenda kuzika hupatikana usiku mmoja, lakini nauli ya kwenda kuamkia wazee wangali hai hukosekana mwaka mzima.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya familia moja ninayoifahamu, ambayo iliamua kukutana bila kungoja msiba. Wazee wake wanaishi Nyololo. Kwa asiyepajua, Nyololo iko katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ukishapita Mafinga na kabla hujafika Makambako. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Igowole na Kibao kwenye mashamba ya chai. Ni nchi ya baridi, viazi, mahindi na miti ya mbao.

HESABU YA NAULI

Wazee hao wana watoto wanne, na wote wanaishi Dar es Salaam. Kifungua mimba ni fundi wa umeme, amepanga Mbagala. Wa pili ni mwalimu anayekaa Tegeta. Wa tatu anashona nguo Temeke, na kitinda mimba ni kuli wa sokoni. Ukiwajumlisha na wake, waume na watoto wao, ni watu 17. Kila mwaka walipanga kupanda Nyololo wote, na kila mwaka hesabu iliwashinda.

Ndipo mke wa yule fundi alipouliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: Je, nauli za watu 17 na nauli za wazee 3, zipi rahisi? Wazee wenyewe walikuwa baba, mama na shangazi mjane. Jibu lilikuwa wazi. Kwa miezi minane kila nyumba ilitia kiasi kidogo katika kibubu kimoja, akiba ikawekwa na huyo mke aliyeuliza. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna ruhusa ya kukopa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Mwenye kulala chini atalala chini, na mgeni atakula kilichopo.

Nalisifu sharti hilo. Wako wenzetu wengi ambao mzazi akija mjini huazima makochi kwa jirani na kuchukua nyama kwa mkopo buchani. Mzazi hurudi kijijini akiamini kwamba mwanawe ana fedha, kisha mwana hulalamika kuwa nyumbani wanamwomba kupita kiasi. Nani aliyewadanganya?

KUSHUKA KITONGA

Katika ujana wao wazee hawa waliteremka pwani kwa treni ya TAZARA, wakipandia Makambako. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Safari hii, ilikuwa mwezi Juni, walipanda basi. Waliondoka Nyololo na makoti mazito. Walipita Iringa, wakashuka mteremko wa Kitonga, wakanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, na walipokuwa wakikata Hifadhi ya Mikumi shangazi alikuwa ameshavua koti na sweta, huku akihesabu twiga dirishani.

Waliteremkia Mbezi, katika kituo kikuu cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021. Wajukuu waliwapokea kwa "Shikamoo", nao wakajibiwa kwa "Marahaba". Bibi akaongeza "Kamwene" ya nyumbani. Wajukuu wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kuitikia.

VIAZI NA NAZI

Wazee hawakuja mikono mitupu. Walibeba gunia la viazi, maharage, unga wa mahindi na majani ya chai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa siku kadhaa jiko la Mbagala lilipona kweli.

Wakwe walitaka kununua kuku wa kukaanga na chipsi. Bibi akashukuru, akaomba ugali. Mwishowe wakapatana jambo zuri zaidi: viazi vya Nyololo na maharage ya Nyololo vikapikwa kwa tui la nazi. Bibi, ambaye tangu azaliwe amepika viazi kwa maji na chumvi, alisimama karibu na chungu akitazama jinsi tui jepesi linavyotangulia na tui zito linavyofuata moto ukipungua. Shangazi naye alipopewa dafu alisema ni ulanzi ambao bado haujaamua kulewesha. Chakula cha namna hiyo hakikugharimu fedha nyingi, na kiliwaweka wanawake wa pande mbili katika jiko moja wakifundishana.

WAJUKUU WAFUNDISHWA JIJI LAO

Siku ya pili walikwenda Makumbusho ya Taifa. Watoto walitaka kumwonyesha babu habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Babu akasikiliza, kisha akawauliza kama wanalijua fuvu jingine, la Mtwa Mkwawa. Hawakulijua.

Basi watoto wa yule mwalimu wa Tegeta, ambao kila waendapo mjini hupita Lugalo na kudhani ni jina la kambi na hospitali tu, wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba Lugalo ni mahali karibu na Iringa. Huko, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Wakasikia pia kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kwamba fuvu lililochukuliwa likapelekwa Ujerumani lilirudishwa mwaka 1954, na kwamba limehifadhiwa Kalenga. Wageni waliokuja kuonyeshwa jiji wakawa ndio wanaowaonyesha wenyeji.

"BABU ANATAZAMA PEMBENI"

Siku ya tatu walikwenda Soko la Samaki la Feri. Mnada ulikuwa umepamba moto. Bibi alipomwona pweza aliuliza ni nani aliyekuwa na njaa kiasi hicho hata akamla wa kwanza. Babu aliambiwa achague samaki wa chakula cha mchana. Akachagua kwa kupapasa. Watu wakacheka, wakidhani ni ustadi wa kienyeji.

Kisha wakavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Watoto wakaonyesha meli kubwa iliyokuwa ikiingia bandarini. "Babu, unaiona?" Babu akajibu, "Naiona, ni kubwa kweli." Mjukuu wa miaka saba akamvuta mama yake kanga na kusema kwa sauti, "Mama, mbona babu anatazama pembeni?"

Pantoni zima la jamaa likanyamaza. Ndipo kila mmoja alipokumbuka alichokiona bila kukitilia maanani: mkono ulioshika ukuta, chai iliyomwagika, ngazi iliyopimwa kwa mguu.

Jioni walikaa kikao. Babu alieleza kwamba macho yalikuwa yakififia kwa miaka miwili, na kwamba aliona ni uzee. Kwa kuwa hakuweza tena kulisimamia shamba lake la paina, alikuwa amekwisha kubaliana kwa mdomo na mnunuzi wa miti. Miti hiyo ilikuwa na umri wa miaka saba, naye aliipanda kwa ajili ya masomo ya wajukuu. Paina wa kutoa mbao nzuri huhitaji zaidi ya miaka 15. Anayemkata mapema huuza fito. Mwanawe mkubwa akamwuliza, kwa uchungu lakini kwa adabu, kwa nini hakusema walipompigia simu. Mzee akajibu, "Mwanangu, kwenye simu mliniuliza kama nimeamka salama. Nilikuwa nimeamka salama."

Hospitalini waliambiwa kwamba ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho hupata ukungu, na hakuna dawa ya kudondosha inayouondoa. Hutolewa kwa upasuaji mfupi, na mahali pake huwekwa lenzi ya bandia. Ugonjwa huu unaongoza duniani kwa kupofusha watu, hali unatibika. Fedha zilitoka katika kibubu: zile zilizobaki, pamoja na zilizowekwa kwa ajili ya boti ya kwenda Unguja. Hakuna mtoto aliyelalamika. Mzee alikaa wiki mbili zaidi, akatibiwa jicho moja, na la pili likapangiwa siku yake. Mnunuzi akapigiwa simu kwamba miti haiuzwi. Safari hii mgeni ndiye aliyepona.

TUJIFUNZE NINI

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba kila mzee anayekuja mjini ana maradhi aliyoyaficha. Nasema kwamba simu haina macho. Wazee wetu walilelewa kutowasumbua watoto, na watoto tumejizoeza kuridhika na jibu la "hatujambo". Ndiyo maana kukutana ana kwa ana si anasa ya wenye fedha.

Kwanza, fanyeni hesabu kama yule mkwe: wachache waende, au wachache waje, ilimradi kibubu kianze mapema. Pili, waonyesheni wazee bahari na makumbusho, lakini waonyesheni pia chumba mnacholala na mahali mnapofanyia kazi, ili wajue ukweli wa maisha yenu. Tatu, tembeeni nao polepole, mkitazama wanavyopanda ngazi, wanavyokula na wanavyosikia. Nne, jioni moja izimwe televisheni, watu wazima wakae kikao: shamba liko namna gani, nani mgonjwa, nani ana deni.

Na watoto wafundishwe salamu ya nyumbani kabla wageni hawajafika Mbezi. Katika familia hii wajukuu wanne sasa wanaitikia "Kamwene" bila kukosea, na likizo ijayo wawili kati yao watapelekwa Nyololo kumsaidia babu kupalilia paina.