Madarasa mapya, vitasa vimegoma

Wadau, Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, madarasa 15,000 yakajengwa. Sawa. Kitasa kikigoma nani analipa?

Juzi hapa Mwankoko fundi kamwambia shangazi abadilishe kitasa kizima cha mlango wa aluminiamu. Jamani! Nimefungua skrubu moja ya ubavuni, nikazungusha ufunguo kidogo, silinda ikachomoka. Vumbi la upepo wetu wa Singida limeganda kwenye mafuta ya kula (sijui nani alimshauri). Brashi, unga wa risasi ya penseli, kazi kwisha.

Sasa shuleni: ruzuku ya elimu bila malipo inahesabu wanafunzi, haihesabu milango. Mlango ukilala wazi, madawati yanahama. Huko kwenu vitasa anatengeneza nani?