Tingatinga Alikuwa Mtu

Neno tingatinga katika lugha yetu ni trekta. Kwa wageni wanaoitembelea nchi yetu, neno hilo ni picha: chui, ndege na mbuyu katika rangi zing'aazo. Ni wachache mno ambao, walisikiapo, humkumbuka kwanza mtu. Leo twataka kumzungumzia mtu huyo, marehemu Ndugu Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa fundi, mume na baba.

Alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru. Ujana wake aliupeleka Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa Kusini wa zama zile, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta vibarua. Haya hatuyataji ili aonewe huruma. Mtu aliyekwisha kuufanyia kazi mkonge huijua thamani ya siku moja ya jasho.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa vyuoni. Alitwaa hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, zikakatwa vipande vya mraba, naye akazipaka rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa kupaka baiskeli. Rangi hiyo ina ukaidi wake: haikauki upesi, na mwenye haraka huichafua kazi yake mwenyewe. Hivyo fundi huupaka ubao mzima rangi moja kwanza, akaungoja, ndipo amweke mnyama, ndipo madoa na mistari, kila tabaka kwa zamu yake. Wapo waliodai kuwa hii ni michoro ya kitoto. Sisi twawaambia watwae kopo la rangi na brashi, waujaribu mkia wa chui.

Picha zake zilipata wanunuzi pale Morogoro Stores, Oysterbay, hasa miongoni mwa wageni. Riziki ilipoanza kuonekana, hakuifungia ndani. Aliwaita jamaa zake na vijana wa kwao, akina January Linda, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Abdallah Ajaba, akawaonyesha kazi. Mafundi wengi tuwajuao huificha siri ya ufundi hata kwa watoto wa ndugu zao. Tumepata kuwaona maseremala wanaogeuza mgongo wanapopima ubao, kijana asije akaona. Ndugu Tingatinga aliiweka siri yake mezani, wakala wote.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, waliomdhania kuwa ni mhalifu anayekimbia. Twaliandika hili waziwazi, kwani kifo cha namna hiyo hakisitiriki kwa maneno laini. Alikuwa na umri wa miaka 40. Aliacha mjane na watoto wadogo, na kazi ya miaka 4 tu.

Lau angalikuwa fundi wa kuficha, ufundi ule ungalizikwa pamoja naye. Wale aliowafundisha waliendelea, nao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika kilichobeba jina lake. Mwanawe naye alikuja kushika brashi.

Lakini jina hilo sasa limekuwa mzigo kwa wanaolibeba. Kila picha huitwa Tingatinga, na aliyeichora hasemwi. Michoro huigwa, huchapishwa juu ya kadi, vikombe na vitambaa, na mwenye mkono uliochora asipate hata salamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999. Mchoraji aketiye barazani na kuuza ubao mmoja ili apate unga wa jioni hana nafasi ya kumfuata mchapishaji aliye ng'ambo, wala hana nauli ya kumpelekea wakili faili. Katika hili wenye ofisi wanapaswa kumwendea yeye, wasimngoje awaendee.

Nao wenye maduka na mahoteli, ambao kuta zao zimepambwa kwa kazi hizi, wanaweza kuanza kesho bila gharama: waandike chini ya kila picha jina la aliyeichora. Na wewe msomaji, unaponunua, ligeuze bao utazame nyuma. Pasipokuwa na jina, muulize muuzaji ni la nani, na usimlipe kabla hajakujibu.